Gari la Nyumbani: Injini Ipi kwa Pikapu Iliyozeeka?

Juma hili tumepokea barua kutoka Koboko, ya mama mmoja ambaye mume wake ni koplo wa polisi. Ameomba tusitaje jina lake, nasi twatii. Nyumba hiyo ina pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya 1980, waliyoachiwa na baba mkwe, nayo ndiyo ichukuayo muhogo mkavu na ufuta wa mama huyo kutoka Koboko hadi soko la Arua. Mwezi uliopita injini yake ya dizeli, aina ya 2L, ilichemsha maji njiani, ikazimika, na tangu siku hiyo haijawaka. Koplo ana akiba yake kazini, na mama ana fedha kidogo za biashara. Zikiunganishwa, asema mama, zatosha kununua injini moja, lakini hazitoshi kukosea.

Mashauri aliyopewa ni matatu. Muuzaji mmoja wa Arua anayo 2L-T yenye turbo, bei yake ya chini kuliko zote. Shemeji yake, ambaye ni mwanajeshi, asema wasihangaike na vitu vidogo, bali watafute 1HZ ya Land Cruiser kama zile aendeshazo kazini. Fundi wao ataka 3L. Mama auliza amsikilize nani.

Tumjibu kwanza, kisha tueleze. Amsikilize fundi, lakini asimpe fedha kabla ya kuulizana naye mambo kadhaa ambayo katika barua hatukuyaona.

Swali la kwanza ni kama injini ile imekufa kweli. Injini iliyochemka mara nyingi huharibika juu tu: gasketi huungua, ama kichwa cha silinda hupata ufa. Kichwa kipya cha 2L chapatikana, nacho ni rahisi kuliko injini nzima. Basi kichwa kifunguliwe, na silinda zipimwe. Ikiwa kuta za silinda ni nzima na krankishafti haijachubuka, hapana haja ya injini nyingine. Lakini mama ameandika kwamba injini hiyo imekwisha kuchongwa mara mbili, na mara ya mwisho zilitiwa pistoni za saizi ya mwisho. Kwa hali hiyo twakubaliana na fundi kwamba fedha za kuifufua tena ni afadhali ziende katika injini nyingine.

Sasa tuje katika uchaguzi wenyewe. Toyota waliunda jamaa moja ya injini za dizeli zenye herufi L, na wasomaji wengi wamezipanda bila kuzijua majina. Iko 2L yenye ukubwa wa sisi 2446, iko 3L ya sisi 2779, na iko 5L ya sisi 2986. Hizi tatu ni ndugu wa tumbo moja. Hukaa katika maunti zile zile, na hushikana na giaboksi ile ile. Aliyekuwa na 2L akitia 3L hahitaji kukata chuma wala kuchomelea kitu, na fundi hodari aweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku mbili. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumsikiliza fundi wa Koboko. Sababu ya pili ni kwamba kila fundi kati ya Arua na Oraba amekwisha kuifungua 3L, kwa kuwa ndiyo iliyobeba mabasi madogo ya Hiace miaka mingi. Gari likiharibika jioni mahali pasipo duka la vipuri, jambo hilo lina thamani kuliko nguvu za farasi.

Muuzaji wa turbo hakusema uongo alipodai kwamba injini yake ina nguvu zaidi. Mji wa Arua umekaa kiasi cha meta 1200 juu ya usawa wa bahari, na dizeli isiyo na turbo hupoteza kadiri ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake katika hewa hiyo nyepesi, ambapo turbo hufidia upungufu huo. Lakini 2L-T ina sifa mbaya inayojulikana na mafundi pande zote za dunia: kichwa chake hupasuka kinapopata joto jingi. Injini ya mama imekufa kwa joto. Je, twamshauri anunue ile inayoogopa joto kuliko zote, kisha aibebeshe muhogo katika jua la Koboko mwezi wa Februari? Hata 1KZ, ya sisi 2982, ambayo ni nzuri na yenye mwendo, ina ugonjwa huo huo ikiwa rejeta haikutunzwa.

Kuhusu 1HZ, twamheshimu shemeji na twaiheshimu injini. Tangu ilipotoka mwaka 1990 imejipatia jina katika majeshi, polisi na mashirika ya misaada, na haina turbo wala mambo mengi ya umeme. Lakini ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ukubwa wa sisi 4164. Hilux iliundwa kwa injini ya silinda nne. Kuiingiza humo ni kusogeza rejeta, kukata vyuma vya chesisi, kutafuta giaboksi yake yenyewe, na kubadili springi za mbele zisilale. Mwisho wa yote ekseli na breki zinabaki zile zile za gari dogo. Mtu mwenye karakana na muda aweza kujifurahisha hivyo. Nyumba yenye watoto wa shule isijaribu.

Je, 5L? Ikiwa tofauti ya bei si kubwa, na gari hubeba mzigo kila siku, basi 5L ni bora kuliko 3L, nayo yaingia vile vile. Ila vipuri vya 3L vimezagaa zaidi katika maduka yetu, na vilivyotumika ni vingi. Sisi tungechukua 3L nzima kuliko 5L iliyochoka.

Wako pia watakaouliza habari za Isuzu na Nissan. Zile 4JB1 na TD27 ni injini ngumu, tena nyingi zake taimingi ni ya gia badala ya mkanda, jambo ambalo twalipenda sana. Mwenye pikapu ya Isuzu asihangaike nje ya ukoo wake, na mwenye Nissan hali kadhalika. Lakini kuzitia katika Hilux kunataka nyumba ya klachi ya kuchonga na propela ya kukata, na fundi akihama, hakuna atakayeelewa alichokifanya.

Injini mpya zaidi, zile za nozeli zinazoongozwa na kompyuta, tumeziacha kwa sababu ya mafuta. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe ipitayo ndani yake. Dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, pampu husagika kama mashine isiyo na grisi. Wakazi wa Arua wenye umri watawakumbuka Opec Boys, vijana waliosimama kando ya barabara na madumu ya mafuta ya magendo, hasa katika miaka ya 1990. Walisaidia wengi siku ambazo vituo vilikuwa vikavu, lakini si kila dumu lilikuwa safi, na hata leo mtu akiishiwa mafuta mbali na mji hununua anachokikuta. Pampu ya zamani ya 3L huvumilia kosa kama hilo mara moja mbili. Pampu ya kisasa, isukumayo mafuta kwa nguvu zaidi ya mara elfu moja ya ile ya hewa, haivumilii hata maji kidogo, na kuitengeneza huenda kukapita bei ya pikapu yenyewe.

Sasa injini imepatikana dukani, imepakwa rangi ya fedha, yang'aa. Rangi si dalili ya afya. Mwambie muuzaji aiwashe ikiwa baridi, nawe uguse kwanza kuhakikisha ni baridi, maana wauzaji wengine huipasha mapema. Ikisha kuwaka, fungua kifuniko cha oili. Moshi ukitoka kwa nguvu kama chungu kinachochemka, pistoni zimechoka. Tazama oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kisha fundi atie kipimo cha kompresheni katika kila silinda. Injini mpya ya ukoo huu hutoa kiasi cha kilo 32 kwa sentimeta moja ya mraba. Iliyotumika itapungua, lakini chini ya kilo 20 usiipokee, na tofauti baina ya silinda na silinda isizidi kilo 5. Muuzaji asiyekubali kipimo hiki amekwisha kukujibu.

Uliza pia injini imetoka katika gari gani. Baadhi ya magari ya dizeli ya Japani yalitumia umeme wa volti 24, na stata na plagi za kupasha moto za namna hiyo hazitafanya kazi kwa betri moja ya volti 12. Na ikiwa ilitoka katika Hiace, sampu yake ya oili haina umbo la Hilux. Hapa ndipo tuwaombe wasomaji wasifanye haraka ya kuuza injini ya zamani kama chuma chakavu. Itunzeni hata mpya itembee majuma mawili. Sampu, chujio la oili la ndani, maunti, flaiwili, hata boliti, vyote huenda vikahitajika kutoka kwa marehemu.

Mkanda wa taimingi ununuliwe mpya na ufungwe injini ingali chini. Katika injini hizi mkanda hubadilishwa kila kilometa 100,000, na ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Hakuna mtu ajuaye ule uliokuja na injini umekwenda kilometa ngapi.

Jambo ambalo mimi mwenyewe sitalisahau ni breki. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na pikapu ya petroli, nikaamua kuitia dizeli ili kupunguza gharama. Hesabu ilikuwa nzuri. Tuseme gari la petroli lakwenda kilometa 8 kwa lita, na la dizeli 11. Kutoka Arua hadi Koboko ni kama kilometa 55, kwenda na kurudi 110, basi ni lita 14 dhidi ya lita 10. Fundi, ambaye sitamtaja, akafunga injini vizuri, akasafisha tangi, akaweka bomba la kurudishia mafuta. Nikaondoka na magunia sita na mke wangu kando yangu. Katika mteremko wa kwanza nilikanyaga breki, na pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Tulisimama kwa gia na handibreki, ndani ya shamba la watu, na mke wangu hakusema neno mpaka nyumbani.

Sababu ni hii. Busta ya breki hufanya kazi kwa kufyonzwa hewa. Injini ya petroli huifyonza yenyewe kwa njia ya manifoldi. Dizeli haifanyi hivyo, na kwa hiyo hupewa pampu ndogo ya kufyonza, ambayo katika ukoo wa L imefungwa nyuma ya oltaneta. Injini niliyouziwa ilikuwa imenyang'anywa oltaneta yake, na fundi akarudisha ile ya petroli isiyo na pampu. Kwa hiyo, mama, hata kama gari lenu lilikuwa la dizeli tangu mwanzo, hakikisheni kwamba oltaneta yenye pampu imefungwa, mpira wake haukupasuka, na breki zimejaribiwa uwanjani gari likiwa tupu, kabla halijapakiwa hata gunia moja.

Turudi kwa lile lililoiua injini ya kwanza. Barua yasema maji yalichemka, lakini haisemi kwa nini. Ikiwa rejeta imeziba kwa kutu, au feni imelegea, 3L itakufa kwa kifo kile kile kabla ya mavuno yajayo. Rejeta ifunguliwe na kusuguliwa ndani, ama ibadilishwe, na themostati iwe mpya. Wako mafundi wanaoitoa themostati na kuitupa wakidhani wanaipoza injini. Tusikubali. Dizeli isiyopata joto lake hula mafuta na kuota masizi. Gharama hizi za rejeta, mkanda, oili, filta, mipira na betri yenye nguvu ziwekwe kando kabla ya kununua injini. Zikimaliza fedha, afadhali kungoja miezi miwili kuliko kufunga nusu.

Limebaki la karatasi, na hapa koplo ajua kuliko sisi, kwani yeye ndiye asimamishaye wenzake barabarani. Namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Injini ikibadilika na kadi isibadilike, gari laweza kushukiwa kuwa la wizi, hasa karibu na mpaka wa Kongo na Sudan Kusini. Basi ichukuliwe risiti yenye namba ya injini na jina la muuzaji, pamoja na nakala ya karatasi za forodha zilizoiingiza nchini. Gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi, na mabadiliko yaandikishwe. Muuzaji asiyeweza kutoa risiti, hata akishusha bei kwa nusu, aachwe na injini yake.

Mama ameuliza pia kama ni sawa kulipa fedha zote mara moja, kwa kuwa muuzaji adai wako wateja wengine. Si sawa. Mpe sehemu mbele ya shahidi, na iliyobaki ailipwe injini ikiwa ndani ya gari, imewaka asubuhi tatu mfululizo bila kusukumwa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutamjibu sajenti mmoja wa Arua ambaye springi za nyuma za pikapu yake zimekatika mara tatu katika mwaka mmoja.