Kutoka si Kukimbia

Wako wasomi, na hapa Ilemela nimewasikia, wasemao kwamba dini ya Wayahudi ni dini ya watu wenye miguu myepesi: Ibrahimu aliiacha Harani, Yakobo alimkimbia ndugu yake, Musa alikimbilia Midiani, na mwisho taifa zima likaikimbia Misri. Neno hili husemwa kwa kicheko. Mimi nalikataa.

Mvuvi wa Kayenze asukumapo mtumbwi wake jioni kufuata dagaa, hatusemi ameikimbia nchi kavu, twasema ametoka. Kiebrania nacho kina maneno mawili kwa mambo haya mawili. Usiku wa Pasaka Myahudi huadhimisha kutoka Misri, na Mishna yaagiza kwamba katika kila kizazi mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka. Neno la kukimbia limo pia katika kisa hicho, lakini angalieni limeingia masikioni mwa nani: ni Farao aliyeletewa habari kwamba watu wamekimbia. Hilo ndilo jina ambalo mwenye watumwa huipa safari ya mtumwa.

Wala sisemi kwamba kukimbia ni aibu. Yakobo na Musa walikimbia kuuawa, na hakuna sheria iliyowataka wangoje kisu. Alaumiwaye ni Yona, aliyeikimbia kazi aliyotumwa. Na kitabu chake husomwa alasiri ya Siku ya Upatanisho, watu wakiwa wamefunga. Tena Kumbukumbu la Torati hukataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyetoroka, na huamuru aachwe akae mahali apendapo. Nani angeitunga sheria kama hiyo, ila watu waliokwisha kutoka?

Mtauliza, haya yatuhusu nini sisi wa ziwani? Yatuhusu sana. Warundi waliovuka mpaka mwaka 1972 tuliwaita wakimbizi. Na watoto wao waliozaliwa Katumba na Mishamo, ambao hawakukimbia popote, tukawaita vivyo hivyo. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwao walipewa uraia wa Tanzania, baada ya miaka 42, miwili kuzidi ile ya jangwani. Serikali, pamoja na uzito wake wote, iliweza kuwabadilishia jina. Msomi wetu, mwenye kamusi mezani, angali akitumia lile aliloletewa Farao.