"On and off" si "mara kwa mara"

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu maneno ya Kiingereza "on and off", ambayo yamezoeleka midomoni mwetu na mara nyingi hutafsiriwa vibaya.

Maana yake ni jambo linalotokea, likakoma, kisha likatokea tena. Wengi hudhani yametokana na swichi ya umeme. Sivyo. Waingereza walisema hivyo karne nyingi kabla ya umeme, na mabaharia wao waliyatumia kwa chombo kinachoikaribia nchi kavu, kikageuka kwenda kilindini, kikarudi tena. Hata ukigeuza ukasema "off and on", maana ni ile ile.

Ubaya unaanza yanapotafsiriwa "mara kwa mara". Maneno hayo hueleza wingi wa matukio tu. Wala "hapa na pale" si tafsiri yake, kwani hiyo ni ya mahali, si ya wakati. Mvua za hapa na pale zaweza kunyesha Liuli zikaiacha Lundo kavu. Mvua za vipindi hunyesha Lundo, zikaanuka, kisha zikanyesha tena.

Ndugu Mhariri, jambo hili si la walimu wa lugha peke yao. Chukua malaria. Vijidudu hukua ndani ya chembe nyekundu za damu, kisha huzipasua na homa hupanda. Baadaye hushuka, mgonjwa akatoka jasho na kuona nafuu. Mama akiulizwa kwenye zahanati, "Mtoto anapata homa mara kwa mara?" huenda akajibu hapana, maana ndiyo kwanza mtoto augue mwaka huu. Lakini akiulizwa, "Homa inapanda na kushuka?" atajibu ndiyo palepale. Tena homa ikishuka si kwamba mtoto amepona. Mzazi asiyeelezwa hivyo huweza kuacha dawa katikati, na hilo laweza kuua.

Kiswahili hakina upungufu. Tunasema homa ya vipindi, umeme unaokatikakatika, kazi ya kuacha na kurudia, maumivu ambayo mara yapo, mara hayapo. Wavuvi wetu wa Ziwa Nyasa hawahitaji Kiingereza kueleza upepo unaovuma na kutulia. Hakuna tafsiri moja inayofaa pote, hivyo mfasiri hana budi ajiulize kwanza: kinachokuja na kuondoka ni nini?

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967 ili kuikuza lugha yetu. Naliomba liwasaidie wote wanaoandika fomu na matangazo ya afya wachague maneno ambayo mwananchi wa kijijini atayaelewa vilevile yalivyokusudiwa.

Msomaji wako,
Lundo, Mkoa wa Ruvuma.