Chipu zisizosahau: shaba iko ndani, faida iko wapi?

Kuko chipu zenye kazi yake inaweza kubadilishwa hata kisha kutoka kwenye usine. Zinaitwa FPGA, ziko ndani ya antene za simu na satelaiti. Nyingi zina ubaya mumoja: umeme ukikatika, zinasahau yote. Ukirudi, ni lazima zipakie maagizo tena kutoka memori ingine.

NEC ya Japani ilitafuta dawa katika shaba. Wakituma umeme, atomi za shaba zinajenga kadaraja kadogo sana. Wakigeuza umeme, kanavunjika. Umeme ukikosekana, kanabaki vile kalikuwa. Mwezi wa kwanza 2019, chipu hiyo ilirushwa angani ndani ya satelaiti RAPIS-1 kusudi ijaribiwe kule.

Sasa, ndugu wa Kolwezi na Likasi, tusidanganyike. Shaba ya chipu moja haijazi hata kijiko, haitaongeza tani zenye kupita Kasumbalesa. Bei yake inatoka kwenye ujuzi. Na kuandikia FPGA programu hakuombi usine: kunaomba ordinateri, kadi ya kujifunzia na mwalimu mwenye anajua. Njo pale universite zetu zinaweza kuanzia.