Televisheni Iwekwe na Mwenye Nyumba

Ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani, na mwezi huu twapenda kusema machache juu ya televisheni. Si juu ya yaonyeshwayo humo, bali juu ya chombo chenyewe na namna ya kukiweka kimfae mwenyewe. Wako wazee wanaolalamika kuwa macho yawauma kila watazamapo habari za usiku, na hali dawa yake imo katika rimoti waliyoishika.

Yapasa ijulikane kwanza kuwa dukani televisheni husimama kati ya wenziwe wengi, chini ya taa kali, na ile ing'aayo zaidi ndiyo ivutayo mnunuzi. Kwa hiyo nyingi huwekwa zing'ae kupita kiasi. Zikifika sebuleni, mng'ao ule huwa adha kwa macho, na hula umeme zaidi ya haja.

Basi, ndugu msomaji, bonyeza kitufe chenye picha ya nyumba, au kilichoandikwa "Menu". Kisha tafuta alama ya gurudumu lenye meno, ndiyo mipangilio. Vishale vinne hukupeleka juu, chini, kulia na kushoto. Kitufe cha katikati hukubali. Na chenye kishale kilichopinda hukurudisha nyuma. Huna haja ya zaidi ya hivyo.

Ingia palipoandikwa "Picture". Ukiikuta imo katika "Vivid" au "Dynamic", iondoe, uiweke katika "Standard", au wakati wa usiku "Movie" ama "Cinema". Pengine hilo peke yake litatosha.

Ukitaka zaidi, ngoja atokee mtu aliyevaa buibui. Katika televisheni nyingi, "Brightness" hutawala weusi: ikizidi, buibui huwa la kijivu, ikipungua, mikunjo yake humezwa na giza. "Contrast" hutawala weupe: mtazame aliyevaa kanzu, na mikunjo yake isipoonekana, punguza. "Backlight" ni taa iliyo nyuma ya kioo, nayo ndiyo ya kupunguzwa usiku. Ama "Sharpness", ambayo wengi huipandisha wakidhani ndio usafi wa picha, ikizidi huchora ukingo mweupe kandokando ya vitu.

Uliyoyabadili yakirudi kama kwanza baada ya dakika chache, huenda televisheni imo katika hali ya duka. Tafuta palipoandikwa "Store" au "Retail", uweke "Home". Na ukichelea kuharibu, "Reset" iliyo humo ndani ya "Picture" huirudisha picha kama ilivyotoka kiwandani. Lakini usiichanganye na ile ya chombo kizima, ambayo yaweza kukufutia hata stesheni zako.

Liko na jambo kubwa kuliko la macho, nalo ni kufuli. Katika mipangilio hiyo hiyo mna pahali pa kufungia stesheni na vipindi visivyowafaa watoto, kwa namba ya siri. Namba itokayo nayo kiwandani aghalabu ni 0000, na mtoto mwerevu ataijaribu hiyo kwanza. Asiyeibadili hajafunga kitu.

Twasema haya kwa kuwa twaona katika nyumba nyingi wazazi wameiogopa menyu, wakamwachia rimoti mtoto wa miaka 10, naye ndiye awekaye, afungaye na afunguaye. Je, yuko mzazi ampaye mtoto huyo ufunguo wa mlango wa nje, akalala? Chombo kisichowekwa na mwenyewe humtumikia aliyekiweka, akiwa muuzaji au akiwa mtoto.

Wala si aibu kufundishwa vitufe na mwanao; mkalishe kando yako akuonyeshe vyote. Ila ifikapo zamu ya namba, mwambie akakuletee maji, uichague peke yako.