Samaki anapovuta ghafla, mshipi uko wapi mkononi mwa mtoto?

Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto wanne anayeishi Chiola, mkoani Lindi, ametuma ujumbe. Mwanawe wa miaka 13 akitoka shule hukimbilia bwawani na wenzake kuvua kwa mshipi. Wiki iliyopita alirudi na kambale mkubwa, lakini pia na mkato mwekundu uliozunguka kifundo cha mkono. Alikuwa amejifunga mshipi mkononi ili usimponyoke, akisubiri perege. Akaja kambale. Mama anauliza: nimkataze kabisa, au nimwache aendelee kutuletea kitoweo?

Mama yangu, shikamoo. Kwa maoni yangu usimkataze. Mvua zikipungua na maji kubaki kwenye mabwawa na madimbwi, kambale na perege ni chakula kizuri cha nyumbani, na mtoto anayejua kuvua ana ujuzi wa maisha. Ila kuna mambo ambayo lazima ayajue kabla hajarusha tena ndoana.

Kwanza aelewe kwa nini samaki yule alivuta kwa nguvu kiasi kile. Perege hudonoa chambo kidogo kidogo, na mkono huwa na muda wa kujiandaa. Kambale hufungua kinywa kipana mara moja, na maji huingia kwa kasi yakiwa yamebeba chambo. Akihisi ndoana hugeuka, hujinyonga na kukimbilia chini. Kambale wa kwetu anaweza kuzidi urefu wa mita 1, na hutafuta chakula zaidi giza linapoingia, saa ileile watoto wanapojaribu bahati ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani. Majirani zetu wa Naivasha, Kenya, wanamjua samaki mwingine wa tabia hii, bass, aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa kujifurahisha. Naye humeza chambo kwa mkupuo mmoja, na mvuvi aliyezubaa hushtukia mkono umeshavutwa.

Hatari ya kwanza, basi, ni mshipi wenyewe. Uzi wa nailoni ukivutwa ghafla hukata ngozi, na ukibana kidole unaweza kuzuia damu isipite. Mtoto asijifunge mshipi kidoleni, mkononi wala kiunoni. Auzungushe kwenye chupa ya plastiki, kopo au kipande cha mti. Samaki akimzidi nguvu, aachie. Chupa itaelea na ataifuata kwa macho kutoka ukingoni.

Hatari ya pili ni ndoana. Samaki mzito akiponyoka mshipi ukiwa umekaza, ndoana hurudi kwa kasi usoni au mkononi mwa aliyeishika, au wa mwenzake aliyesimama karibu. Ndoana ina kijino kinachoizuia kuchomoka kwenye mdomo wa samaki, na kijino hicho hufanya vivyo hivyo kwenye nyama ya mtu. Ukiivuta kwa nguvu unachana mishipa. Kata mshipi, acha ndoana ilipo, funika kwa kitambaa safi bila kubana, kisha mpeleke zahanati. Huko mtaalamu humchoma sindano ya ganzi na kuitoa kwa utaratibu, mara nyingi kwa kuisukuma mbele mpaka kijino kitokeze, kukikata, kisha kuirudisha nyuma. Ikiwa imeingia jichoni au karibu na jicho, usiguse, usioshe, usibonyeze. Funika juu yake kwa kikombe kisichogusa jicho na mkimbilie hospitali.

Ipo kinga rahisi inayogharimu dakika moja: bana kile kijino kwa koleo mpaka kilale. Samaki wachache wataponyoka, lakini ndoana ikimchoma mtoto itatoka kwa urahisi.

Hatari ya tatu huja samaki akishafika nchi kavu. Kambale ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la ubavuni, na ngogo anao pia mgongoni, ambao huusimamisha na kuukaza anaposhikwa. Mtoto asimkamate akiwa bado anarukaruka. Akichomwa, aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni. Maumivu yakiwa makali, kuloweka mkono kwenye maji ya moto yanayovumilika hutuliza. Mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake mwenyewe, asimwunguze mtoto.

Jeraha lolote kati ya haya linaweza kuonekana dogo likapona juu, huku ndani kukiwa na jambo kubwa. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na hupenda tundu jembamba lenye kina, kama lile la ndoana au mwiba. Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 21: taya kukaza, kumeza kwa shida, kisha mwili kukakamaa. Ugonjwa huu unaua. Ndiyo maana hatupaki jeraha majivu, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya taa.

Watoto wetu hupata chanjo yake wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini nguvu yake hupungua, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri dozi 3 nyingine za kuiongezea nguvu, ya mwisho ikiwa kati ya miaka 9 na 15. Mwanamke hukutana tena na chanjo hii akiwa mjamzito. Mvulana anaweza kufika utu uzima bila kukumbukwa. Kwa hiyo ukimpeleka mwanao na jeraha la ndoana, beba kadi ya kliniki na uulize waziwazi: anahitaji sindano ya pepopunda? Jeraha likiwa chafu na dozi ya mwisho imepita miaka 5, kwa kawaida jibu ni ndiyo.

Mwambie pia kwamba si kila kinachokaza mshipi ni samaki. Mara nyingine ni kisiki. Watoto wengi huingia majini kunasua ndoana, na hapo ndipo penye kuzama, na penye mamba kwa wanaovua mito mikubwa kama Mbwemkuru. Kwenye maji yaliyotuama kuna kichocho, ambacho hupenya kwenye ngozi bila maumivu. Kijana akikojoa damu, hiyo si dalili ya kukomaa kama wengine wanavyosema, ni ugonjwa na dawa yake ipo. Ndoana iliyonasa ikatwe na iachwe. Bei yake ni ndogo.

Sasa, mama, kwa ule mkato wa kifundo: uoshe kila siku kwa maji safi na sabuni. Ukiona uvimbe, usaha, homa, au vidole kufa ganzi, usingoje kesho. Hata ukiona unakauka vizuri, itafute ile kadi leo jioni, na umpitishe zahanati kabla hajarudi bwawani.