Sheria kwa Lugha ya Mchimbaji

Kifungu cha 142 cha Katiba ya 2006 kinaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa rasmi.

Mchimbaji wa Rubaya kule Masisi, au wa Bisie kule Walikale, anashinda shimoni. Akitaka kujifunza sheria, ana jioni na Jumapili tu. Lakini Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, iliandikwa kwa Kifaransa. Tukimfundisha kwa lugha hiyo, atarudi kutia dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa.

Naona kazi hii ni yetu pia. Badala ya sote kuchambua riwaya katika kazi ya mwisho, wachache tutafsiri vifungu vinavyomhusu mchimbaji, kisha tuvisome pamoja naye.