Zima Kwanza Antivirusi

Kijiweni na Mwanaidi Shekivuli

Kila kraki inayopakuliwa mtandaoni huja na maelekezo yake, na karibu kila mara mstari wa kwanza ni uleule: zima kwanza antivirusi. Fundi anaizima palepale. Mteja yuko pembeni ana haraka, keshatoa elfu kumi yake apigiwe Windows na Office, na wala hajui kwamba mtu wasiyemfahamu hata kwa jina ameomba mbwa afungwe kabla hajapita getini.

Wiki hii nataka tuzungumzie virusi vya kudai kikombozi, maana nimechoka kusikia kwamba hayo ni mambo ya benki na ya Wazungu. Ni kweli yanayotangazwa redioni ni yale makubwa: hospitali za Uingereza Mei 2017, bomba la mafuta la Colonial huko Marekani Mei 2021, bandari ya Durban Julai mwaka huohuo. Lakini kuna kirusi ambacho hakina haja na bandari wala bomba. Kinaitwa STOP, wengine hukiita Djvu, na tangu mwisho wa 2018 kimekuwa kikiwinda mwanafunzi, mwenye steshenari, mpiga picha wa harusi na karani wa ofisi ndogo. Hakihangaiki kuvunja mlango. Kinakaa ndani ya kraki ya Office, ya Photoshop, ya AutoCAD, ndani ya vile viprogramu vya kutengenezea namba za leseni, kinasubiri mwenye nyumba akiingize mwenyewe.

Kazi yake nimeiona steshenari moja karibu na chuo. Kijana wa dukani alibofya kraki, skrini ikaleta maandishi yanayofanana kabisa na yale ya Windows inapojisasisha, akaona bora aende zake kunywa chai. Aliporudi, kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne mwishoni mwa jina. Mwenye duka alinifungulia folda ya wanafunzi. Ripoti za mafunzo kwa vitendo, barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za jirani iliyokuwa ikisubiri kurudufiwa, na tasnifu ya mtu iliyoandikwa jina "Sura ya Nne MWISHO KABISA". Yote yamebaki kama karatasi nyeupe isiyofunguka. Katika kila folda kulikuwa na faili moja tu linalosomeka, limeitwa _readme.

Barua hiyo ina adabu ya kuudhi. Inamtoa mtu wasiwasi, inamhakikishia kwamba mali yake yote itarudi, kisha inataja bei: dola 980. Ukiwasiliana nao ndani ya saa 72 unapunguziwa nusu, inakuwa 490, ambayo kwa hela yetu ni zaidi ya milioni. Na ukitaka uthibitisho, unaruhusiwa kuwatumia faili moja walifungue bure. Wezi wenye punguzo na sampuli! Duka lenyewe halijawahi kumpa mteja punguzo la nusu bei.

Fundi akaitwa. Akatazama kama dakika mbili, akasema, "Mama, hapa ni kufomati tu."

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu sentensi hiyo imeteketeza kazi za watu wengi kuliko kirusi chenyewe. Kuondoa kirusi ni kazi moja, kurudisha mafaili ni kazi nyingine kabisa, na mafundi wetu wengi wanaijua ile ya kwanza tu. Kuondoa ni rahisi. Antivirusi yoyote ya maana itakikamata Djvu na kukifuta. Ila mafaili yatabaki yamefungwa vilevile, maana kufuli limekwisha kubanwa na aliyelibana ameondoka na ufunguo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kirusi cha kwanza cha aina hii kilisafiri kwa posta. Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kutoka London kwa wasomaji wa jarida la kompyuta na kwa watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Disketi ilidai ina programu ya kumpima mtu hatari yake ya kuambukizwa. Kompyuta ikishawashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yanavurugika, na unatakiwa kutuma dola 189 kwenye sanduku la posta Panama. Aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, Mmarekani aliyesoma Harvard, ambaye miaka kadhaa ya maisha yake aliimaliza hapa Afrika Mashariki, Kenya, akichunguza tabia za nyani. Kwa hiyo wanaosema mambo haya yako mbali nasi, mzee wa fani mwenyewe alikuwa akitembea vichakani kwetu. Mahakama ya Uingereza ilimwona hana akili timamu ya kusimama kizimbani na kesi ikaishia hapo.

Popp alifanya kosa moja: ufunguo wake ulikuwa umo ndani ya programu. Wataalamu waliufumua, wakaandika programu ya kurudisha majina, wakaigawa bure. Mwaka 1996 watafiti wawili, Adam Young na Moti Yung, wakaonya kwamba mhalifu mwenye akili zaidi angetumia funguo mbili, moja ya kufungia na nyingine ya kufungulia. Kirusi kinabeba ile ya kufungia tu. Ile nyingine inabaki kwa mwenyewe, haigusi kompyuta yako hata siku moja. Ndivyo wanavyofanya leo, na ndiyo maana unaweza kuskani kompyuta wiki nzima usiukute ufunguo. Haumo.

Sasa sikiliza jambo ambalo fundi wa steshenari hakulijua. Djvu kikiingia, kwanza kinajaribu kuwapigia hodi wenyewe mtandaoni ili kipewe ufunguo wa kompyuta hiyo peke yake. Kikikosa mtandao, kinatumia ufunguo wa akiba kilichokuja nao, na huo ni mmoja kwa wote waliokumbwa na toleo hilo wakiwa hawana mtandao. Chini ya ile barua kuna namba ndefu ya utambulisho. Ikiishia na t1, kwa kawaida ni dalili kwamba umefungiwa kwa ule ufunguo wa wote. Basi mtu mmoja popote duniani akilipa na kupewa ufunguo ule, akaukabidhi kwa wataalamu, wenzake wote wanafunguliwa. Sisi tunaoishi kwa bando la siku tulitafakari hilo: kukatika kwa bando, kitu tunachokilaani kila jioni, kunaweza kuwa ndiko kulikookoa tasnifu ya mtu.

Programu ya kufungulia ipo na ni ya bure. Ilitolewa na kampuni ya Emsisoft Oktoba 2019, ikiweza matoleo 148 kati ya 160 yaliyokuwa yakijulikana wakati huo. Matoleo yaliyofuata ni magumu zaidi, na hapo ndipo suala la t1 linapoingia. Aliyekuwa mbele katika kazi hiyo ni Michael Gillespie wa jimbo la Illinois, na napenda wasomaji wangu mafundi wajue alikuwa nani: fundi wa duka la kutengeneza kompyuta. Wateja walikuwa wakimletea mashine zilizofungwa, akaanza kutafuta njia za kuzifungua, akatengeneza na mtandao uitwao ID Ransomware ambako unapandisha ile barua pamoja na faili moja lililofungwa, unaambiwa ni kirusi gani na kama dawa yake imepatikana. Polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama nao walianzisha No More Ransom mwaka 2016, ambako programu za kufungulia virusi vingi zimewekwa bure. Fundi wetu anayeweza kutafuta kraki ya AutoCAD kwa dakika tatu hashindwi kufika huko.

Kwa hiyo ukiambiwa ni kufomati tu, mwambie asubiri. Chomoa mtandao, chomoa flashi na kila kilichochomekwa. Mafaili yaliyofungwa yanakiliwe kwenye diski, pamoja na ile barua, diski iwekwe kabatini. Baada ya hapo mwache afomati, tena mimi napendelea afomati kuliko kusafisha juujuu, kwa kuwa Djvu mara nyingi huja na mwenzake wa kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Nywila zako za barua pepe na za benki zibadilishe siku hiyohiyo, ukitumia kifaa kingine. Ile diski ya kabatini usiitupe hata kama leo dawa hakuna. Mei 2016 wenye kirusi cha TeslaCrypt waliacha biashara, wakautoa hadharani ufunguo mkuu na kuomba radhi. Aliyetunza mafaili yake alifunguliwa. Aliyefomati kwa hasira hakuwa na cha kufungua.

Na kulipa? Sitamhukumu mtu ambaye rekodi zote za kliniki yake zimefungwa. Ila asidhani ananunua usiri. Polisi walipoivamia mitambo ya genge la LockBit Februari 2024 walikuta humo data za watu waliokwisha kulipa ili data hizo zifutwe. Colonial nao walilipa bitcoin 75, wakapewa programu ya kufungulia iliyokuwa ikijikokota, wakaishia kutumia nakala zao wenyewe. Ofisi yenye taarifa za watu itoe taarifa pia kwa wahusika, TZ-CERT kwetu na KE-CIRT kwa jirani zetu Kenya, badala ya kulificha jambo mpaka wateja walisikie kwa wengine.

Lakini katika ofisi zetu, nakala kama hizo za Colonial ziko wapi? Hili ndilo swali ambalo bosi halipendi. Kirusi kikiingia ofisini, anayetafutwa ni dada wa mapokezi aliyebofya. Anaandikiwa barua ya onyo, wengine wanatulia. Hakuna anayemuuliza meneja ni lini mara ya mwisho alijaribu kurudisha faili moja kutoka kwenye bakapu. Mara nyingi bakapu yenyewe ni hadidiski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta ileile usiku na mchana, na kirusi kinaifunga pamoja na mengine bila kujua ilikuwa na cheo maalumu. Wahalifu wanaozivamia taasisi kubwa huitafuta bakapu kwa makusudi. Juni 2024 maabara za taifa za Afrika Kusini, NHLS, zilivamiwa, seva za nakala zikafutwa pamoja na nyingine. Nakala ya kuaminika ni ile isiyochomekwa. Moja iwe dukani, nyingine nyumbani au kwenye hifadhi ya mtandaoni inayotunza matoleo ya zamani ya faili.

Kuna pia hili la kusasisha. WannaCry, kile kilichoparaganya hospitali za Uingereza na kuingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150, kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wameliziba miezi miwili kabla. Barua yake iliandikwa kwa lugha 28, Kiswahili haikuwamo. Sijui tushukuru au tulalamike. Najua kwa nini mafundi wanazima masasisho: yanakula bando, na Windows ya kraki inaweza kugunduliwa. Sababu ya kwanza naielewa, hata mimi bando langu nalihesabu. Ya pili ndiyo inayotufunga kamba miguuni, kwa sababu mtu aliyeanza na kraki hawezi tena kukubali kinga yoyote bila kuogopa kuumbuliwa nayo.

Nitaambiwa leseni ni ghali. Ni ghali kweli, na sitamwambia mwenye steshenari auze mashine ya fotokopi anunue Office. Lakini LibreOffice ni ya bure, inafungua mafaili ya Word, na barua ya kuomba kazi haijali imeandikwa kwa programu gani. Antivirusi ya Defender imo ndani ya Windows 10 na 11, hailipiwi, inachotaka ni isizimwe. Ndani yake kuna kinga ya mafolda inayozuia programu ngeni kuyagusa mafaili yako. Unaiwasha mwenyewe, na sijaona fundi anayemwashia mteja. Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta nyingi za mitaani zinaendelea kufanya kazi bila kuzibiwa matundu mapya.

Ninachokitaka kwa mafundi ni wabadilishe bidhaa. Anayekupigia Windows kwa elfu kumi hukutana nawe tena pale tu kompyuta inapokufa. Angeweza kupita kila Ijumaa na hadidiski yake, akanakili kazi za wiki, akafungua mafaili mawili matatu kuona yanafunguka, akachomoa, akaondoka na elfu tano. Steshenari kumi katika mtaa mmoja ni elfu hamsini kwa wiki. Nilimpigia hesabu hiyo yule fundi wa kufomati. Akaniuliza hadidiski itakuwa ya nani, yake au ya mwenye duka, maana ikiharibika lazima pawe na wa kuilipia. Bado wanabishana.